Gitaa la umeme lipendeze: stika ya printi, stika ya magari au rangi ya kupuliza?

Wakuu, gitaa likishaanza kuchubuka, au lile jeusi lake la dukani limekuchosha tu, mjadala kwenye bendi huwa mmoja, tulipige stika au tulipeleke kwa fundi rangi. Na anayesema stika ukimuuliza stika ipi anakuangalia, wakati hapa Dodoma zipo za aina mbili na tabia zake ni mbingu na ardhi. Kwa hiyo naweka njia tatu mezani: stika ya printi inayochapwa kwenye maduka ya mabango, stika ya kufungia magari, na rangi ya kupuliza.

Naongelea gitaa la umeme lenye bodi ya mbao nzima, solo, rhythm au besi, yote sawa. Gitaa la boksi lenye tundu achana nalo, ule ubao wake wa juu ndio unaotetemeka kutoa sauti, ukiubandika plastiki unauziba mdomo. La umeme pikapu zinasoma nyuzi kwa sumaku, stika nyembamba juu ya mbao nzito haiwezi kubadilisha kitu utakachokisikia kwenye spika, wanaosema sauti inaharibika waache na imani yao.

Vigezo kwanza

Zote tatu nazipima kwa mambo yaleyale: muonekano na jinsi inavyokubali mikunjo ya bodi, kazi na pesa inayokula, inavyovumilia jua, jasho na piki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi), halafu ukitaka kurudi nyuma inakuwaje. Hicho cha mwisho watu wanakiruka na kwangu mimi ndio cha kwanza, kwa sababu magitaa mengi hapa mjini si mali ya mpigaji, ni ya kanisa, ya shule, ya mwenye bendi, au umeazimwa na kaka yako aliyehamia Mwanza, na mwenye mali akija kusema nataka gitaa langu kama lilivyokuwa, njia mbili zina jibu na moja haina.

Kabla hujachagua, jua lina rangi gani juu yake sasa hivi

Magitaa mengi tunayoshika huku, ya bei ya chini na ya kati, yana rangi ya poliesta au poliyurethani, wenyewe tunaita poli. Poli ni ngumu, stika haiifanyi chochote. Tatizo ni nitro, yaani nitroselulosi, iliyoko kwenye magitaa ya Gibson ya Marekani na baadhi ya Fender za zamani au za ghali. Stika zote hizi ni plastiki ya PVC iliyolainishwa kwa kemikali, na ile kemikali ya kulainisha inaingia kwenye nitro taratibu mpaka rangi inakuwa laini au inabaki na alama, ndio maana hata stendi zenye mpira wa hovyo zinaacha doa kwenye magitaa ya hivyo. Kujua ni rahisi, chukua pamba ya sikio yenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, gusa sehemu iliyojificha chini ya plastiki ya mbele. Ikianza kunata na kuyeyuka ni nitro, na hapo usiweke stika ya aina yoyote, basi. Isipobadilika, endelea.

Angalia pia kama rangi imepasuka au inabanduka vipande. Stika itashika vizuri tu, ila siku ya kuitoa itatoka na rangi yake.

Halafu kazi ya kufungua ni ileile kwa njia zote na hakuna njia ya mkato hapo: nyuzi zinatoka, shingo inatoka (nyingi zina skrubu nne nyuma), plastiki ya mbele, bridji (chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi), nobu, tundu la waya, pini za mkanda. Piga picha kila hatua kwa simu. Kuna waya mmoja wa athi unaotoka kwenye bridji, au kwenye kile chuma cha springi za tremolo (mkono wa kuyumbisha sauti), usiukate wala usisahau kuurudisha, ukiukosa gitaa litaunguruma na utaanza kulaumu amplifaya. Mafuta ya mwili yaoshe kwa maji kidogo na sabuni, kausha, malizia na spiriti. Kama mtu aliwahi kulisugua na polishi ya dashibodi ya gari itoe yote, silikoni iliyomo humo inakataa gundi na inakataa rangi pia.

Stika ya printi

*Muonekano.* Hapa ndipo inapowapiga wengine wote, unaweka picha yoyote unayotaka: nembo ya kwaya, ramani, mbuyu, michoro ya shanga, sura ya bibi yako. Mwili wa gitaa aina ya Stratocaster ni kama sentimita 46 kwa 33, ili picha isitoke na ukungu upande mrefu uwe na pikseli 2,700 hivi kwenda juu, na tafadhali usimtumie mtu wa printi picha kwa WhatsApp kawaida, inabanwa, tuma kama dokumenti. Mikunjo ndio ugonjwa wake. Stika nyingi za mabango zinatengenezwa kwa kubanwa na roli mpaka zinakuwa karatasi, kwa hiyo ndani yake kuna mvuto unaotaka kurudi ulikotoka. Kwenye uso bapa inakaa mwake. Ukiilazimisha kuzunguka kona au pembe za gitaa inakubali leo, baada ya miezi inajikunja na kurudi, pembeni panabaki mstari wa gundi unaokusanya vumbi jeusi.

*Kazi na pesa.* Nafuu kuliko zote, na ukiiweka mbele tu ni kazi ya mchana mmoja. Ila kuna jambo moja ambalo mafundi wa printi hawakwambii kwa sababu wateja wote wana haraka: wino wa solventi, yaani wenye kimiminika cha kuyeyushia kama thina, ukitoka kwenye mashine bado unapumua, unatakiwa ukae wazi walau saa 24 kabla ya kuwekewa laminesheni, ile plastiki angavu ya kulinda juu. Ukiifunika na kuibandika ikiwa ya moto ile solventi inashuka kwenye gundi, gundi inalegea na kingo zinanyanyuka. Kwa hiyo mwambie bosi chapa leo nakuja kesho, weka laminesheni kesho. Na laminesheni si anasa, bila hiyo piki inakwangua wino ndani ya muda mfupi, hasa kwa wapigaji wa rhythm wa seben wanaochapa nyuzi kama wanafukuza nyuki.

*Inavumilia vipi.* Ikiwa na laminesheni na ikakaa uso bapa, vizuri tu kwa matumizi ya ndani. Jua la Dodoma kwa mikutano ya uwanjani ni habari nyingine, rangi nyekundu na njano huwa zinatangulia kupauka.

*Kurudi nyuma.* Inatoka, ila ikizeeka inatoka vipandevipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua na gundi inabaki. Pasha na draya ya nywele, vuta polepole ukiwa umeilaza chini, gundi iliyobaki ifute kwa petroli ya laita. Thina usiguse, hiyo inakula rangi ya gitaa yenyewe.

*Inamfaa* mwenye gitaa la uso bapa, mfano Telecaster na yote yaliyotengenezwa kwa mtindo huo, anayetaka picha yake mwenyewe mbele na habari za ubavuni hazimsumbui.

Stika ya kufungia magari

*Muonekano.* Rangi moja ya kung'aa, ya kufifia, ya kaboni, ya chuma kilichosuguliwa, inayobadilika ukigeuka. Picha hakuna, au ukitaka picha lazima uchapiwe kwenye stika ya aina hii na si kila duka linayo. Iliyo nzuri haikubanwa na roli, ilimwagwa ikiwa majimaji ikakauka, kwa hiyo haina mvuto wa kurudi, na ni nyembamba zaidi, ikipata joto inalegea na kufuata mkunjo wa mkono na wa tumbo kwenye Stratocaster mpaka mtu asiyejua anadhani ni rangi. Sasa sio kila inayouzwa kama stika ya magari ni ya kumwagwa, zipo nyingi za bei ya kutupa zilizobanwa vilevile, kwa hiyo angalia rola lenyewe. Ikiwa imeandikwa 3M 2080 au Avery Dennison SW900 hizo ni za kumwagwa.

*Kazi na pesa.* Kwa mita ni ghali, ila gitaa halihitaji mita. Rola zina upana wa sentimita 152, ukikatiwa nusu mita unapata mkanda mrefu wa ubavuni wa sentimita 7 na bado panabaki nafasi ya mbele na nyuma ukiwa umelaza gitaa vizuri. Na siri ya mjini: mafundi wa tinti na stika wana mabaki. Waliofunga bajaji au boneti ya gari jana wana vipande leo, nenda kwa heshima, mwambie "kaka naomba kipande cha kufungia gitaa", mtaelewana kwa bei ndogo.

Kubandika ndio shughuli. Anza na ubavu, kisha nyuma, malizia na mbele ili mshono usionekane na anayekutazama. Maungio ya mkanda wa ubavuni yafiche pale shingo inapoingia. Sukuma hewa kutoka katikati kwenda nje kwa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa laini, pembe zile mbili za juu zipashe na draya ya saluni na kuvuta kidogokidogo, usikimbilie kukata. Bunduki ya hewa moto ya fundi inafanya kazi haraka ila ikisimama sehemu moja inatoa mapovu kwenye poli, kwa hiyo kama mkono haujazoea baki na draya. Matundu ya pikapu yakatie ndani, kingo zitafunikwa na plastiki. Pale shingo inapokaa pasiwe na stika hata kidogo, unene wowote pale unainua shingo na nyuzi zinakaa vibaya. Ukimaliza zipashe kingo zote tena, watengenezaji wanataka sehemu zilizovutwa zifike kwenye nyuzi joto 90 na kitu ili stika isahau umbo la zamani, bila hatua hii pembe zinafunguka.

Na vumbi. Mnaijua Agosti ya hapa, upepo wa Nanenane kule Nzuguni, hewa kavu kiasi kwamba ukibandua karatasi ya nyuma ya stika inajaa umeme na kuvuta kila unywele ulioko chumbani. Mwagia maji sakafu, zima feni, funga madirisha, fanya asubuhi kabla upepo haujaamka. Ila Juni na Julai usianze alfajiri, ile baridi inafanya gundi kuwa mvivu na stika kuwa ngumu, subiri saa nne hivi chumba kipate joto. Punje moja ya mchanga chini ya stika ya kung'aa inaonekana kama chunusi usoni kwa bwana harusi (za kufifia zinasamehe zaidi, ndio maana mtu wa mara ya kwanza namshauri hizo).

*Inavumilia vipi.* Imetengenezwa kukaa juani kwenye gari, kwa hiyo jua la mikutano si tatizo. Jasho halina shida. Inachochukia ni kitu chenye ncha, chuma cha mkanda wa suruali mgongoni kwa gitaa na piki pale unapopiga chini ya nyuzi. Mkwaruzo wa stika hausuguliwi ukaisha, unabadilisha kipande.

*Kurudi nyuma.* Hapa ni mfalme. Ikiwa juu ya poli nzima, ndani ya miaka michache inatoka kipande kizima kwa joto kidogo na chini unakuta gitaa lilivyokuwa, pengine safi kuliko walioliacha wazi.

*Inamfaa* mwenye gitaa lenye mikunjo, mwenye gitaa ambalo si lake au atakalokuja kuuza, na mwenye subira. Asiye na subira ampe fundi wa magari, ila amkabidhi bodi tupu iliyofunguliwa, usimpelekee gitaa zima na nyuzi zake.

Rangi ya kupuliza

*Muonekano.* Hakuna mshono, hakuna kingo, hakuna mwisho. Na msione aibu kupeleka kwa fundi rangi za magari, Fender wenyewe miaka ya 1950 na 1960 rangi zao maalumu zilikuwa rangi za magari za DuPont, ile Lake Placid Blue ni rangi iliyokuwa kwenye Cadillac. Kinachoharibu ni tabia ya gereji: amezoea boneti, anamwaga puti nyingi, anaziba matundu ya skrubu, anapuliza nene. Mwambie mapema. Mwambie ile rangi ya zamani ikiwa nzima asiikwangue yote mpaka mbao, apitishe msasa wa 320 au 400 iwe na ukwaru tu, aweke praima nyembamba, rangi, kisha klia, ile ya juu isiyo na rangi. Sehemu ya shingo na matundu ya pikapu yafunikwe kwa selotepu ya karatasi. Kama gitaa lina rangi nyeusi ya kuzuia muungurumo ndani ya matundu isifunikwe.

*Kazi na pesa.* Ghali kuliko zote na polepole kuliko zote. Siku ya kupuliza ni moja, kukauka kwa kweli ni siku kadhaa hata kwa klia yenye haidena (kemikali ya kuigandisha), na rangi za makopo ya kupuliza bila haidena zinabaki laini kwa wiki, ukifunga mkanda mapema unachora alama. Vumbi hapa linasameheka kidogo kuliko kwenye stika, punje iliyotua juu ya klia inasuguliwa kwa msasa wa maji wa 1500 na 2000 kisha polishi. Ila wewe mwenyewe nyumbani na klia ya haidena, hapana. Ile haidena ina aisosayaneti, inaharibu mapafu, barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Mwachie mwenye vifaa.

*Inavumilia vipi.* Jasho, jua, spiriti, vyote inaweza. Ikigongwa kwenye stendi ya maikrofoni inatoka chipu, na kuficha chipu ni kazi.

*Kurudi nyuma.* Haipo. Rangi ya kiwanda imeenda, na gitaa la jina linapoteza thamani hapohapo.

*Inamfaa* mwenye gitaa lake mwenyewe lililochubuka mpaka mbao, au lililowahi kurudiwa rangi, ambaye ameshaamua hataliuza.

Kuna wanaouliza kama unaweza kubandika stika halafu ukapiga klia juu yake. Wazo si la kijinga, mwaka 1968 Fender walitoa Telecaster zenye maua, na ilikuwa karatasi ya ukutani yenye gundi iliyobandikwa kwenye bodi kisha ikafunikwa. Lakini ile ilikuwa karatasi. Stika ya PVC ni laini na klia ya gari ni ngumu na ina solventi kali, mara nyingi solventi inakunja kingo za stika au klia inakuja kupasuka. Jaribu kwenye kipande cha ubao kwanza, tena kwa klia nyembamba sana za mwanzo.

Sasa wewe uko wapi?

Gitaa la kanisa lenye poli nzima na wazee wa baraza hawajakaa kikao, stika ya magari, tena rangi tulivu, siku wakikataa unaibandua mbele yao.

Kwaya inarekodi video mwezi ujao na inataka nembo ionekane, printi ya mbele tu yenye laminesheni. Kama gitaa ni Stratocaster kata stika iishie kabla mikunjo haijaanza, au usiguse bodi kabisa, bandika kwenye ile plastiki nyeupe ya mbele ambayo ni bapa na inafunguka kwa bisibisi. Plastiki mpya hazina bei, bodi mpya ina bei.

Mwanafunzi wa UDOM na gitaa la mkono wa pili na hela ya kula tu, mabaki ya stika ya magari na draya ya kuazima kwa dada wa saluni. Mbele na nyuma tu, ubavu uache na rangi yake, weusi wa asili ukikaa katikati unakuwa kama ulikusudia.

Mpigaji wa harusi na sherehe, kila wikendi gitaa liko kazini, linaingia na kutoka kwenye noa, kama bodi imeshachoka nenda rangi yenye klia ya haidena. Kama bado nzima, stika ya kufifia, na weka akiba ya kipande kilekile cha rola nyumbani kwa ajili ya kubadilisha pale piki inapokula.

Una Gibson ya nitro, liache kama lilivyo. Nunua mkanda mzuri.

Na mlioko Mpwapwa, Kondoa au Manyoni ambako fundi wa stika wa karibu hana unachotaka, agizeni nusu mita ije na basi, ila mwambieni anayetuma aiviringishe kwenye bomba la karatasi uso ukiwa nje na aandike isilaliwe na mizigo. Ikikunjwa kwenye bahasha ule mstari wa mkunjo hautoki, hata upashe vipi.